Saa Sita za Zablon Kisiwani

Jumanne, Julai 1979. Baridi ya kuuma, manyunyu tangu asubuhi. Sare yangu ya shule haijakauka, na nimekasirika.

Nimewakasirikia watu wote wa mtaa wetu wa Makongeni, kuanzia mlango wetu hadi mlango wa mwisho. Nimejikasirikia mwenyewe zaidi, lakini hilo nitalifikia.

Kaka yangu Zablon ni mhudumu kwenye meli ya watalii. Huu ni mwaka wa tatu hatujamwona. Jumamosi hii meli yake itatia nanga Mombasa, na ameruhusiwa kushuka saa tatu asubuhi, arudi saa tisa alasiri. Saa sita basi. Baba anafanya kazi reli na ana pasi ya familia, kwa hiyo Ijumaa jioni yeye, Mama na mimi tunapanda garimoshi kwenda kumwona.

Kwa watu wengine mambo yangeishia hapo. Kwetu imeundwa kamati.

Sijui ni nani aliyeamua kwamba mtu hawezi kuoa, kuzikwa wala kushuka melini bila kamati. Mwenyekiti ni Mzee Wekesa wa mlango wa pili, ambaye amekuwa mwenyekiti wa kila kitu tangu nizaliwe. Katibu ni mimi, kwa sababu "mtoto huyu anasoma sana", na kwa sababu siwezi kusema hapana mbele ya watu. Kazi yangu ni kuandika ratiba. Kesho asubuhi Baba ataipeleka kazini, karani aipige chapa, kisha ibandikwe kwenye mlango wa kanisa. Ratiba ikishapigwa chapa hapa kwetu, haiguswi tena. Nimeshuhudia harusi ambayo keki ilinyeshewa ikaloa chapa, kwa kuwa ratiba ilisema keki itakatwa nje.

Mkutano ulikuwa Jumapili, sebuleni kwetu. Watu kumi na wanane, viti sita.

"Katibu, andika," alianza Mzee Wekesa. "Mapokezi. Hotuba yangu, halafu ya Baba Zablon, halafu mgeni ajibu. Kisha tunavuka kwenda Changamwe. Kule kuna nyumba tatu za watu wetu, na zote zinapika. Hatuwezi kula kwa mmoja tukamruka mwingine."

Changamwe hata si kisiwani! Mombasa ni kisiwa, Changamwe ni bara, ng'ambo ya maji. Nilikuwa na atlasi mapajani, ukurasa uko wazi, na kidole changu kilikuwa juu ya Changamwe yenyewe. Nikaandika: Changamwe, nyumba tatu.

Mama Njeri anauza viatu vya akala soko la Kariokor, vile vya mpira wa gari. Yeye alikuja na gunia zima. Ameshakata tiketi yake.

"Hao wazungu wakishuka kwa meli wanatafuta nini? Si ni kitu ya kubeba kwao? Zablon asimame tu hapo kando yangu, awaongeleshe na ile Kiingereza yake. Saa moja tu. Weka viatu, Katibu."

"Saa moja ni nyingi, Mama Njeri," akasema Mzee Wekesa.

"Haya, weka dakika hamsini."

Akina mama wa kanisa walitaka picha ya studio. Kuna studio moja mjini Mombasa ambayo ukuta wake umechorwa bahari. Niliuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kwa nini tusipige picha mbele ya bahari yenyewe.

"Upepo," mmoja wao akanijibu. "Utatuharibia nywele."

Nilipojumlisha muda, ratiba ilihitaji saa nane na nusu ndani ya zile saa sita. Nilimwonyesha mwenyekiti kwa kidole. "Tutaharakisha," akasema, na mkutano ukafungwa kwa sala.

Sasa nifikie langu.

Barua ya Zablon ilikuja wiki tatu zilizopita. Barua ya kutoka ng'ambo haisomwi na mtu peke yake. Mama hakwenda shule, kwa hiyo msomaji ni mimi, na stempu ya kigeni ikionekana tu mlangoni majirani wanaingia na vikombe vyao. Siku hiyo walikuwa wengi hadi kwenye ngazi. Nilisoma sehemu ya kazi yake, kwamba kila jioni anapitisha karatasi chini ya mlango wa kila chumba cha abiria, yenye orodha ya mambo ya kufanya kwenye kisiwa cha kesho: tazama ngome, ogelea, kunywa madafu, nunua vinyago. "Visiwa vingi nimevigawa kwa karatasi," ameandika, "na sijatia hata mguu majini." Watu walicheka sana. Mzee Wekesa aliniomba nirudie.

Kisha nikafika kwenye aya hii. Naiandika hapa yote.

"Mama, nimechoka. Tafadhali msinipangie kitu. Nataka tutafute kivuli tukae, nilaze kichwa mapajani pako kama wakati ule nilipougua surua, na mtu yeyote asiniambie ni saa ngapi. Profesa awe karibu na kitabu chake. Asinisomee. Asome tu."

Profesa ni mimi.

Niliinua macho. Nyuso zote zilikuwa zikinitazama. Zablon ndiye kijana anayetolewa mfano kwa kila mtoto wa hapa anayefeli hesabu. Niliruka aya nzima, nikasoma, "Wasalimieni wote," nikakunja barua.

Wiki tatu nimejiambia kwamba nilikuwa nikimtunzia kaka yangu heshima. Si kweli. Niliona haya kutamka "mapajani" mbele ya Mzee Wekesa.

Ni hayo tu. Kwa sababu ya haya zangu, mtu aliyechoka na karatasi za mambo ya kufanya anaandikiwa nyingine na dada yake mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, na mistari imepigwa kwa rula.

Leo nilipotoka shule nilijaribu kuimalizia ile nakala safi. Nilifika kwenye "Viatu, dakika 50" nikashindwa. Nilichukua barua nikaenda jikoni. Mama alikuwa akichambua kunde.

"Mama, kuna mahali sikusoma."

Nilimsomea. Vidole vyake viliendelea na kunde hadi nilipofika kwenye surua, hapo vikasimama.

"Soma tena."

Nilisoma tena.

"Na hii barua imekaa humu ndani wiki tatu?"

"Ndiyo, Mama."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alijifuta mikono kwenye leso, akatazama mlango, akasema, "Lete hiyo ratiba yako. Andika: saa tatu na nusu mpaka saa nane na nusu, maombi ya familia, faragha. Tuone nani atakata maombi."

"Lakini Mama, huo si uongo?"

"Nikishika kichwa cha mtoto wangu baada ya miaka mitatu, wewe unafikiri nitakuwa nafanya nini?"

Niliandika. Changamwe ikaondoka, studio ikaondoka, viatu vikaondoka. Sikutumia rula.

Baba alirudi na koti limelowa. Aliisoma ratiba akiwa amesimama, polepole, jinsi anavyosoma saa za magarimoshi ya mizigo. "Saa zote tano?" akauliza. "Zote," akasema Mama. Baba akavua koti.

Mzee Wekesa naye akatokea, kama anavyotokea kila chai inapochemka. Aliomba kuona nakala. Akavaa miwani.

"Saa tano za maombi! Vizuri sana. Mimi nitaongoza."

Nilimtazama Mama. Mama alikuwa akimimina chai. Nilimtazama Baba. Baba alikuwa akitazama dari, ambako hakuna kitu.

"Imeandikwa faragha, Mzee," nikasema.

"Faragha ya nani?"

"Yetu."

Alinigeukia kana kwamba kabati limesema. "Na Changamwe? Watu wameshanunua kuku!"

"Changamwe ni bara, Mzee. Zablon anashuka kisiwani."

Mzee alirudi kwenye karatasi, kidole chake kikitafuta mstari mmoja.

"Hotuba yangu imebaki?"

"Dakika kumi."

"Kumi na tano."

"Kumi, Mzee."

Aliondoka bila kumaliza chai, jambo ambalo sijaliona maishani mwangu. Baba alikunja ratiba akaitia mfuko wa ndani, pale anapoweka kitambulisho. Mama alinisogezea kikombe cha Mzee. Kilikuwa na sukari nyingi mno. Nilikinywa chote.

Bado nimekasirika. Kesho Mama Njeri atakuja na gunia lake, akina mama watakuja na nywele zao, na itabidi niseme hapana tena na tena kwa mdomo huuhuu.

Lakini nimeamua jambo moja. Ratiba ipigwe chapa, ibandikwe kanisani, waisome wanavyotaka. Mimi Ijumaa nitabeba kitabu kimoja tu. Saa ya mkononi nitaiacha kwenye droo. Na wewe, shajara, usinilaumu: utabaki hapa mezani pamoja na kalamu yako.