Kikombe cha Maji ya Sabuni

Baba,

Gari limepona. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya Mama, kabla hata ya mjukuu wako Neema. Bibi amepona. Mwanao Eliya na fundi wake wamemnyoosha madigadi, wamembadilishia kioo, na jana asubuhi wamempiga hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini, mara mbili tu akawaka. Nilikuwa jikoni. Niliposikia ule mlio wake wa kukohoa nikaangusha sufuria ya uji. Kwa muda mfupi nilidhani umerudi. Kisha nikaogopa, Baba, na mpaka sasa ninapoandika bado naogopa.

Unakumbuka siku uliyomleta? Nilikuwa darasa la pili. Yule Mzungu wa shamba la kahawa alikuwa anafungasha kurudi kwao, Uhuru ulikuwa bado unanukia rangi mpya, nawe ukanunua kwake gari ambalo hata mikononi mwake lilikuwa tayari limezeeka. Ndiyo maana ukamwita Bibi. Barabara ilikuwa ya vumbi, na kutoka hapa Mpemba mpaka Tunduma mlipishana na lori moja, labda mawili, na mkikutana mlisimama mkaulizana habari za mashimo. Bibi hakuwa na taa za kuonyesha unakokata, kwa hiyo mkono wako ulikuwa nje ya dirisha muda wote. Ukiunyoosha, unakwenda kulia. Ukiuzungusha, kushoto. Ukiupunga juu na chini, unapunguza mwendo. Nilizijua ishara hizo kabla sijajua kuandika barua.

Kisha ikaja lami. Tulishangilia wote, nawe ukasema sasa Bibi atapumzisha miguu. Kumbe lami haikuletwa kwa ajili yake. Ililetwa kwa ajili ya matrela na matanki ya kwenda Zambia, na hayo hayasimami kuulizana habari. Siku ile tunarudi kutoka sokoni ulimpungia dereva wa trela aliyekuwa nyuma yetu, juu na chini, kwamba unapunguza. Naye akakupungia, akapiga honi ya salamu, na akazidi kuja! Ulicheka mpaka ukafuta machozi. Mimi, mtu mzima na mtoto mapajani, nilikuwa nimeshika kamba ya katani iliyofunga mlango na kubana miguu nisijiaibishe. Kila trela lilipotupita Bibi aliyumba, na wewe ulimpapasa usukani ukimwambia taratibu, taratibu, wenye haraka watatangulia.

Lakini matrela hayakukuua. Kilichokuua nakijua, na nimekaa nacho kifuani miezi minne.

Mafuta ya breki yalipoadimika, kama vitu vyote vilivyoadimika, madereva wa huku walianza kutia maji ya sabuni. Si wewe uliyebuni. Kila mtu alitia, na walikuwa wanataniana kwamba breki zao zimeoga. Kila asubuhi ya safari ulinipa kile kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu ukasema, "Tabitha, mnyweshe Bibi." Nami nakata kipande cha sabuni ya mche, ile Mama aliyoivusha kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nakoroga kwenye maji ya vuguvugu hadi inakuwa nzito, nakuletea. Kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Isongole ilitosha, maana huko unatambaa. Tukadhani itatosha na kwenye lami.

Asubuhi ile nilikuwa na haraka ya kwenda shambani. Nilikoroga. Nikakupa. Sikukuuliza hata unarudi saa ngapi.

Trela lilikuwa limeharibika chini ya ule mteremko mrefu wa njia ya Tunduma, na wenyewe wametandaza matawi barabarani kama kawaida, wawili wamechutama kwenye matairi wanafungua boliti. Mama mmoja anayeuza viazi pale alikuona. Anasema uliyaona matawi mapema. Anasema ulitoa mkono dirishani ukapunga juu na chini, juu na chini, na gari halikupungua. Nyuma yako hakukuwa na gari lolote. Nimejiuliza sana ulikuwa unamwambia nani. Nadhani ulikuwa unamwambia Bibi.

Halafu ukamwingiza mtaroni ili usiwaue wale vijana. Usukani ukakupiga kifua. Bibi alitoka na michubuko tu.

Kwenye matanga mchungaji alisema siku yako ilikuwa imefika, na watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nawamiminia wazee chai. Fundi mmoja, ambaye hakujua nani anamsikia, akamwambia jirani yake kwamba maji ya sabuni yakipata moto wa mteremko yanachemka, na ukikanyaga breki unakanyaga mvuke. Nilimimina chai hadi ikafurika mkononi mwa mzee wa watu. Nikaomba radhi, nikaenda nyuma ya nyumba. Tangu hapo kila aliyeniambia siku yako ilifika nilimwitikia amina. Nilijificha ndani ya neno hilo, Baba. Nisamehe.

Na ningeendelea kujificha. Lakini kesho Jumapili kuna ubatizo Tunduma, mtoto wa shangazi, na Eliya ameshaahidi kuwapeleka Mama na Neema ndani ya Bibi. Neema ameshachagua kukaa mbele. Jana, baada ya gari kuwaka, Eliya akaingia jikoni na kikombe kile kile. Kilikuwa bado chini ya kiti cha Bibi. Akaninyooshea, na kwa sauti yako kabisa akasema, "Dada, mnyweshe Bibi."

Nilikataa. Akadhani ni msiba unanisumbua, akanibembeleza. "Dada, barabara nzima wanatia sabuni. Baba siku yake ilifika tu."

Mama alikuwa mlangoni anachambua mchicha. Neema alikuwa miguuni pake. Nilijua nikinyamaza hakuna atakayejua kamwe, na nilijua nikinyamaza Jumapili watakuwa kwenye mteremko ule. Nikasema, "Siku yake niliikoroga mimi, kwenye kikombe hicho."

Nikasema yote, hadi aliyoyasema yule fundi wa matangani. Eliya alitoka nje. Mama aliendelea na mchicha wake muda mrefu, akitupa majani mazuri na kubakiza vijiti. Mwishoni akasema, "Mama Neema, sabuni niliivusha mimi. Na aliyemimina ni baba yako mwenyewe." Kisha akaja akanishika kichwa kama alivyonishika nilipokuwa na surua.

Leo asubuhi Eliya ameniletea hendeli. Ameiweka mezani, amechukua jembe, ameondoka. Nimeificha chini ya kitanda changu. Bila hendeli Bibi hawaki, unajua mwenyewe.

Kesho tutapanda basi, nalo naliogopa vilevile. Sasa hivi linapita trela huko barabarani na vikombe vinagongana kabatini. Chako nimekiosha mara nne na majivu, bado kinanuka sabuni.

Pumzika, Baba. Nakuahidi mikono hii haitakoroga tena, na Bibi hatakanyaga lami mpaka nione kwa macho yangu kopo la mafuta halisi likifunguliwa. Akibaki wa kufugia kuku, na abaki. Na huko uliko, ukiona tunakimbilia mahali pabaya, toa mkono dirishani, juu na chini. Mimi nitapunguza.

Mwanao,
Tabitha