Mwamikazi Hakuinuka

Ijumaa, Mount Druitt, huku ughaibuni. Manyunyu tangu asubuhi. Nguo bado ziko kambani, zimelowa upya, na sina hata hamu ya kuzianua. Kichwa kimevurugika.

Nimwite nani mama mkwe wangu?

Tangu niolewe nimemwita Mwamikazi. Marehemu mumewe alikuwa mwami, yaani chifu, huko milimani Kivu Kusini, na mke wa mwami ndiye mwamikazi. Mimi mtu wa Tanga nilionywa mapema kwamba kwao mke wa mtoto hatamki jina la mama mkwe, hata nyumba ikishika moto. Cheo kikaniokoa. Alipokuja kuishi nasi ikawa "Mwamikazi, chai", "Mwamikazi, maji ya kuoga tayari". Mdomo ukazoea.

Kliniki ya macho waliponiuliza kwa simu mgonjwa anapenda kuitwa nani, nikawapa hilohilo. Wakalichukua kama jina la kwanza. Dada wa mapokezi akawa anamwita kwa uchangamfu kama anavyomwita kila mtu, naye mama mkwe anainuka taratibu, anaweka kitenge sawa, anaingia. Nilijiona mjanja kweli.

Halafu juzi ikaja simu kutoka nyumbani kwao. Mwami mpya amesimikwa, na ana mke. Basi kuna mwamikazi mwingine.

Sasa huyu wetu ni nani? Mume wangu, Byamungu, anasema cheo hakifi. Dada yake anasema kimehama, tusimwaibishe mama kwa kumpa cha mwenzake. Mimi nimeendelea na mazoea, kwa woga tu.

Kazini, kwenye nyumba ya wazee kule Ingleburn, nina bibi mmoja ambaye mumewe alikuwa "Sir". Yeye ni "Lady" pamoja na jina la ukoo la mume. Ukitia jina lake mwenyewe hapo, ameniambia, utakuwa umesema amezaliwa na mtu mkubwa, kumbe baba yake aliuza nyama. Mume amekufa zamani na cheo hakuna aliyekuja kukidai. Lakini anataka tumwite Joan! Ulimi wangu umegoma. Namwita Mama Ledi, anacheka mpaka anakohoa. Nilitumaini atanipa mwanga, nimetoka kwake nimechanganyikiwa zaidi.

Leo ilikuwa siku ya kupimwa kwa ajili ya kutolewa mtoto wa jicho. Tumeingoja nafasi hii mpaka tukakata tamaa. Dada wa mapokezi akaita, "Mwamikazi!"

Hakuinuka.

Akaita tena. Nikamgusa mkono, nikamwambia ni yeye anayeitwa. Akaangalia mbele.

"Ule wanaita haiko miye. Mwamikazi iko kule nyumbani."

Dada akasema, basi nimtajie mimi jina kamili la mgonjwa alilinganishe na la kwenye faili, la sivyo amwite anayefuata. Nikampigia Byamungu, hapokei, yuko ghalani kazini. Watu wote wanatutazama. Nikafungua mdomo na jina halikutoka. Nilikuwa karibu kulia, nasema ukweli. Jicho lake litapotea kwa sababu ya adabu yangu?

Hapo ndipo aliposimama mwenyewe, akaenda hadi dirishani akipapasa viti, akasema kwa sauti, "Nsimire." Yule dada akamjibu kuwa ni jina zuri, akamwingiza. Upasuaji umekubaliwa.

Tumerudi kwa treni. Sijui nilimvua nguo mbele ya watu au alizivua mwenyewe kwa hiari. Sijui kama nilipaswa kulitamka mimi, nibebe aibu badala yake.

Jioni nimempelekea chai. Siku zote nasimama mlangoni, naita cheo, naingia. Leo nimebisha, nikabaki pale na kikombe kinaniunguza vidole.

Kisha kutoka ndani:

"Ingia, mwanangu."

Tangu niolewe ananiita muke ya Byamungu. Hajawahi kuniita vingine.

Nimeweka chai, nimetoka mbio kama mwizi. Kesho asubuhi nitabisha tena na itabidi niite kitu. Neno nalijua, ndilo la kwanza mtoto kulitamka. Kama nikilisema, nitakuwa nimemshusha au nimemwitikia?