Mpaka Mtoto Anyonye

Mdogo wangu Upendo,

Hujambo na hilo tumbo? Mie nipo Kibamba, kwenye shamba la kuzalisha farasi anakofanya kazi kaka yetu Edwin. Joto la huku lingekuvua lile sweta lako la Njombe. Hata chai ya asubuhi unainywa huku jasho linakutoka.

Leo kulipopambazuka farasi jike mweusi alizaa. Mtoto katoka, miguu mirefu kama ngazi, nami nikapiga vigelegele kama tunavyofanyaga nyumbani. Mama wa watu akashtuka, akaruka pembeni, na mtoto aliyekuwa anajikongoja kutafuta chuchu akaanguka.

"Dada, nyamaza!" Edwin akaninong'oneza kwa ukali. "Asiponyonya mapema tunampoteza. Huku hatushangilii mpaka mtoto anyonye."

Nikajiziba mdomo kwa kanga. Mtoto akainuka, akaanguka, akainuka tena. Mama yake akarudi mwenyewe, akamsukuma taratibu kwa pua, na mara tukamsikia ananyonya, mkia unamchezacheza. Edwin akashusha pumzi.

"Haya dada, sasa piga."

Nikamwambia vigelegele hivi vina mwenyewe.

Najua unavyoogopa tangu ulipompoteza yule wa kwanza. Kula vizuri, lala mchana, ndoo mwachie mumeo. Nakupenda sana. Vigelegele nimevifunga kwenye begi pamoja na nguo, na nakuja navyo.

Dada yako,
Tumaini