Kitenge Kilichokuwa Chini ya Gia

Baba Anaeli,

Ile harufu imeisha. Nimeona nikuambie mimi mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye niliyeipigia kelele miaka ishirini na mitatu.

Hapa nyumbani tupo. Yule ng'ombe mweusi amezaa, dume. Migomba ya upande wa kaburi lako imeshika vizuri kuliko mingine yote, na mimi siipendi kwa sababu hiyo. Anaeli ameacha kazi yake ya dukani kule Olasiti, ameshika lori lako. Anapeleka ndizi Arusha kwa njia zako zile zile. Kiti hajakisogeza, ingawa miguu yake ni mifupi kuliko yako. Anaendesha amejinyoosha, nikimwambia akisogeze anawasha injini.

Wiki yake ya pili barabarani alirudi jioni akaja jikoni kunisalimia. Shikamoo hajaimaliza, nikamwambia, "Kaoge kwanza." Mdomo ulisema wenyewe, umezoea. Akasimama pale mlangoni. "Mama, leo hata mafuta sijajaza. Nimepakia ndizi nikaendesha, basi." Kisha akashika paji la uso, akasema kichwa kinamgonga.

Nilikaa chini, mume wangu. Mwiko ukiwa mkononi.

Maana hayo ndiyo yalikuwa maneno yako. "Kichwa kinanigonga, Mama Anaeli." Nami nikikujibu ni jua, ni vumbi, hunywi maji. Nakupa vidonge viwili na ndoo. Ndoo ile ya bluu, bombani, na kipande cha sabuni ya kufulia juu ya jiwe. Hata ukishaoga nilikuwa nakunusa, halafu nakuelekeza kitanda cha sebuleni. Nilisema wewe ni mzembe, unajimwagia dizeli kama mtoto anavyojimwagia uji. Siku za safari ulilala sebuleni, na siku za safari zilikuwa tano kwa wiki. Hukuwahi kubishana. Ulisema tu, "Ni kazi, mama."

Kesho yake nikapanda lori pamoja na Anaeli mpaka gereji moja ya Sokon One. Fundi anaitwa Lomnyaki, mtu mzima, mpole. Akatazama tangi, halivuji. Akatazama chini ya gari, hakuna hata tone. Akasema gari la dizeli litanuka dizeli, mama, ulitaka linuke nini? Nikamwambia hayo nimeyasikia miaka ishirini na mitatu, nikakaa juu ya tairi, nikasema siondoki. Unanijua.

Basi akainua kabini, akaosha injini kwa maji na sabuni, ikaachwa ikauke. Halafu akaagiza poda dukani, ile ya watoto. Alisema ukiinyunyizia mipira na mabomba, kisha ukawasha injini, mahali panapovuja poda italowa na kuwa nyeusi. Alikuwa anainyunyiza kama anatia nyama chumvi, nikamnyang'anya. Mkono wangu unaijua kazi hiyo. Nilimpaka poda huyu huyu Anaeli shingoni na kwapani, na wewe umesimama mlangoni unamtazama, maana nilikukataza kumbeba kabla hujaoga. Hata siku hizo.

Injini ilinguruma nusu saa. Kisha tukaiona alama, nyembamba, nyeusi katikati ya poda nyeupe. Ni mpira mdogo wa juu, ule unaorudisha tangini dizeli iliyozidi. Ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali jicho halifiki. Ulikuwa unatoa jasho tu, dizeli inadondokea injini ya moto na kukauka kabla haijafika ardhini. Mvuke wake ulipanda ndani ya kabini, ulimokuwa wewe.

Anaeli akauliza unapitia wapi. Lomnyaki akaonyesha pale gia inapotokea sakafuni, mpira unaofunika tundu lake umechanika. Akasema kuna mtu ameziba tundu kwa kitambaa. Akakivuta kwa koleo.

Kilikuwa kitenge changu. Kile cha zambarau cha sare ya akina mama kanisani, kipande nilichokiweka kwa ajili ya kilemba. Unakumbuka nilivyopindua nyumba nikikitafuta? Ulisema labda panya. Hukukisokomeza ovyo, Baba Anaeli. Ulikikunja mara nne, pembe kwa pembe, ukakizungusha kwenye gia vizuri. Kilikuwa kimelowa dizeli chote.

Nikakumbuka kwamba uliniambia. Mara moja tu, miaka mingi nyuma, unajifuta maji: "Nadhani inaingia kutoka chini." Nami nikakujibu usilisingizie gari. Hukurudia tena. Ulichukua kitambaa ukajaribu kuizuia peke yako, ili urudi nyumbani upokelewe.

Nilimuuliza Lomnyaki kama kitu hicho kinaweza kuua mtu. Akasema, "Mama, mimi ni fundi wa magari." Daktari alisema presha, mshipa wa kichwani. Ningeweza kurudi nikamuulize. Siendi. Akisema ndiyo, nitaishije? Akisema hapana, basi nilikulaza sebuleni bure. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amezaliwa na meno.

Asubuhi ile nilikuwa nakamua. Ulisema nyuma ya ukuta wa zizi, "Naenda." Nikasema, "Haya." Sikugeuka. Saa nne wakapiga simu kutoka sokoni kwamba umeanguka unashusha ndizi. Nilipofika hospitali walikuwa wameshakuosha. Ulinukia sabuni. Miaka yote hiyo niliitaka harufu hiyo kwako, na siku niliyoipata nililia mpaka manesi wakanitoa nje.

Mpira mpya umefungwa, wa gia pia. Ni mwezi sasa, Anaeli haumwi kichwa. Anarudi ananuka ndizi na jasho. Watu wananiambia nimshukuru Mungu, nami nashukuru, kwa mdomo. Kisha naenda sebuleni, nalala kwenye kitanda chako, naweka uso kwenye godoro, hakuna kitu. Nililifua vizuri mno. Kitenge sijakifua. Nimekifunga kwenye mfuko wa plastiki. Kila nikifungua, harufu imepungua, na bado nafungua.

Mchungaji anasema utanisamehe. Sijui kama nataka iwe rahisi hivyo.

Lala, mume wangu. Chumbani sirudi, nitakaa hapa sebuleni mahali ulipokaa. Nimemwonyesha Anaeli pa kunizika, ubavuni pako, karibu kabisa, pasibaki hata nafasi ya kuweka ndoo. Ninakuahidi hili moja tu, kwa sababu jingine sina. Siku hiyo njoo ulivyo, na mikono yako ilivyo. Sitakuambia kaoge kwanza.

Mama Anaeli