Flashi Juu ya Biblia

Jumapili, mvua imekatika

Bado sielewi kwa nini mwanangu Neema hakukasirika. Nilipoikuta flashi yake yenye filamu ya wanafunzi wanaogeuka mbwa mwitu, nilijua nimemkamata. Hapa Sumbawanga, mji unaotaniwa kila kona kwa uchawi, binti wa miaka kumi na tano ananiletea hayo sebuleni!

"Mama, hata darasani wanaiponda," alisema. "Itazame kwanza, ndipo uichome."

Nikaitazama, nipate ushahidi. Mbovu kweli. Manyoya yanambanduka shingoni yule mvulana anayegeuka mbwa mwitu, na DJ aliyeitafsiri kwa Kiswahili amemfanya aongee kama konda wa basi la Namanyere. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Mvulana alipokaribia kufa, nikajikuta nimeshika mkono wa Neema. Tangu baba yake ahamie Kipili kwa mwanamke mwingine, hatukuwa tumekaa kochi moja.

Mimi, mzee wa kanisa, nimeipenda. Hilo nalo linanitia shaka.

Ila kuna jambo naliwaza tangu jioni. Ile flashi niliikuta juu ya Biblia yangu. Mtoto anayemficha mama yake kitu hakiweki pale.