Nyumba ya Funguo na Mji Uliokosekana

Mayfair, Johannesburg
Julai 2018

Mtani wangu Mwajuma,

Siku ya maziko yako nilinyamaza. Mzaramo akifa, mtani wake Mnyamwezi ana kazi yake inayojulikana: azuie jeneza, amseme marehemu, wafiwa wacheke hata kama machozi hayajakauka. Mimi nilisimama nyuma ya watu nikitazama viatu vyangu. Maneno yote niliyokuwekea tangu tuko Hillbrow, mtaa mwingine wa jiji hilihili, nilirudi nayo nyumbani. Wakakufukia, ikasomwa dua, tukaondoka. Mzaramo mzima kazikwa bila ngoma wala utani!

Kaka yako wa Bagamoyo alilia kwenye simu akitaka urudishwe nyumbani. Halafu akasema, "Mzikeni hukohuko, ardhi yote ni ya Mungu." Nikamjibu ndiyo. Lakini moyoni nilijua ulivyokuwa ukisema miaka yote kwamba hapa tunapita tu.

Ninakuandikia kwa ajili ya neno lako hilo.

Kwanza habari. Lile duka la simu la Hillbrow sasa ni saluni. Vibanda ulivyokuwa ukivigonga kwa pete kuwaambia watu dakika zimekwisha, wamevitia vioo, na dada wa Kikongo wanasuka watu humo. Zuhura wako yuko kwetu. Mke wangu alimchukua siku ileile ya msiba na hajamruhusu kuondoka. Anakwenda chuo, anarudi, anakula kidogo. Kiswahili anakielewa chote, ila akijibu anajibu Kiingereza, na akikasirika, Kizulu. Amekua, Mwajuma. Akiwa anaosha vyombo na amenipa mgongo, nasahau kidogo, nataka kumwita jina lako.

Ulipokuwa hai hakutaka hata kusikia habari za mchezo wetu. Kwake yalikuwa mambo ya kale, maandishi ya kijani kwenye skrini nyeusi. Sasa anataka kujua kila kitu, na ninamsimulia. Nimemwambia kwamba wewe ulikuwa ukiuza dakika za simu, mimi nikifufua kompyuta kuukuu zilizotupwa na ofisi za Randburg. Siku moja nikaacha kompyuta kwenye kona ya duka lako kwa sababu lifti ya jengo letu ilikuwa imekufa na sikuwa na mgongo wa kuipandisha ngazi. Ukanicheka mbele ya wateja: "Mnyamwezi gani huyu anayeshindwa na mzigo?" Babu zangu wapagazi waliaibika makaburini.

Watu walikuwa wakigombana kwenye foleni. Kila mmoja alitaka kumpigia mama yake kwanza. Ukaniambia nitie kitu ndani ya hiyo kompyuta kiwanyamazishe. Mimi nilijua kuandika programu ndogondogo, wewe ulijua vitendawili. Ndivyo ilivyozaliwa Nyumba ya Funguo: nyumba tupu, kila mlango unatega kitendawili, ukiandika jibu mlango unafunguka. Tukatoa sehemu ya kwanza, tukatoa ya pili, na ya tatu watu wakaifuata wenyewe mpaka Mayfair, wakaitaka kwenye disketi baada ya swala ya Ijumaa. Wakongo, Warundi, Wakenya, wote walikuwa wakipigia kelele skrini ileile. Watu wakasahau kugombania simu!

Nimemsimulia na ugomvi wetu mkubwa. Mchezaji akishindwa, afanywe nini? Mimi nilitaka mchezo uishe, aanze upya, kama michezo ya Wazungu. Ulinitazama kama mtu aliyetia sukari kwenye mchuzi. "Anayeshindwa anatoa mji. Kwenu Tabora hamkufundishwa?" Basi kompyuta ikafundishwa kusema *Nipe mji*. Mtu akiandika Kigoma, inamwambia imekwenda Kigoma, imepokewa vipi, imekula nini, na imeambiwa jibu ni hili. Ukaweka na sheria yako: mji hauingii mpaka mwenyeji wa mji huo akusimulie kwa mdomo wake. Wateja wakitoka kwenye kibanda macho mekundu, wamesikia sauti ya nyumbani, hapo ndipo ulipowakamata. Fundi cherehani mmoja alikusimulia Bukavu akalia mpaka ukafunga duka.

Lakini nafasi ilikuwa finyu. Disketi ilijaa, programu ilishika miji michache tu, ukiingia mmoja mwingine unatoka. Nilipotoa Kilwa kuingiza Uvira hukunisemesha wiki nzima. Tabora, niliyokusimulia mimi, hukuitoa kamwe. Naikumbuka kwa moyo: *Nilikwenda Tabora, wakanilisha asali nikasahau nilichokwenda kuuliza. Treni imeanza kuondoka ndipo wakanikimbilia na jibu.* Kila niliposoma hayo nilikuwa nyumbani, Mwajuma. Sikukuambia hata siku moja. Nilikuambia umesahau kuweka koma.

Na mtu akiandika Johannesburg, ulitaka mchezo umjibu hivi: *Huo tunapita tu. Nipe mji wenu.*

Wachezaji walicheka sana. Mimi pia nilicheka.

Mwezi uliopita, baada ya kuharibikiwa na disketi zetu nyingi kwa ukungu, moja ilifunguka, sehemu ya tatu. Nilimwita Zuhura. Akakaa, akasoma taratibu kwa midomo, kama anayesoma barua yako. Mlango wa kwanza ulitega: *Huja hajaitwa, huondoka hajaaga.* Akaandika mvua. Akaandika upepo. Kisha akaandika *mama*.

Mchezo ukajibu, kama ulivyoufundisha: *Sivyo. Nipe mji.*

Akaandika Johannesburg.

Mtani, nilijua kinachokuja na mkono wangu haukuwahi kuuzima. *Huo tunapita tu. Nipe mji wenu.* Akaandika tena Johannesburg, polepole, akidhani amekosea herufi. Ikamrudishia yaleyale. Mtoto huyu huko mtaani anaambiwa arudi kwao. Kwenye foleni ya teksi wanasikia jina lake, wanamuuliza kwao wapi. Akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye hasemi Kiswahili: "Eish, Anko. Na Mama pia?"

Akaenda kulala bila kula.

Nilikukasirikia. Nasema wazi kwa sababu watani hatufichani. Nilikuambia mwenyewe jikoni, kwa sauti, mke wangu akadhani nina mgeni: wewe ulipita tu, sawa, lakini huyu ulimzaa hapa! Angetoa mji gani? Bagamoyo aliyoiona kwenye picha? Kisha nikalia, maana hukuwa na namna ya kujua. Ulipoandika maneno yale Zuhura alikuwa hajazaliwa. Ulikuwa msichana mwenye hamu ya kwao, ukifanya mzaha ili usilie, basi.

Siku nyingi sikuweza kuigusa programu. Kubadili maneno ya marehemu, nani kanipa ruhusa? Niliona kama nitakusogeza kaburini. Mke wangu ndiye aliyenijibu, akimenya viazi, hata hakuinua kichwa: "Si yeye mwenyewe alisema mji unasimuliwa na mwenyeji? Mwenyeji si huyo hapo?"

Basi nilimwomba Zuhura anisimulie Johannesburg. Akakataa. Jumamosi ikafika, akanitaka nimpeleke kwako. Kulikuwa na baridi na nyasi zimekauka rangi ya mkate. Alichutama karibu na kaburi lako, akalisafisha kwa mikono, akazungumza na wewe Kizulu. Sikuelewa yote, na hayakuwa yangu. Njiani kurudi, tumesimama kwenye robot, taa za barabarani, ndipo akaanza kusimulia, Kiingereza na Kiswahili vimechanganyika, nami sikuondoa gari mpaka akamaliza, magari ya nyuma yakitupigia honi.

Nimeyaandika kama alivyosema, sikuweka hata koma yangu:

*Nilikwenda Johannesburg. Baridi ilikuwa kali, mahindi ya kuchoma yalikuwa moto. Wakaniuliza mimi wa nani, nikawaonyesha kwa mama yangu. Amelala huku, haondoki tena. Nikamuuliza jibu kwa sauti ndogo nisimwamshe. Jibu ni usingizi.*

Amejaribu mwenyewe jana. Akaandika Johannesburg, mchezo ukampokea, mlango ukafunguka. Alishika skrini kwa kiganja, hivi, kama anayepima homa. Kisha akala chakula chote na kuomba ukoko.

Sasa lazima nikuambie jambo moja, usije ukalisikia kwa wengine huko uliko. Unajua nafasi ilivyo finyu. Ili mji uingie, mmoja ulipaswa kutoka. Nilipitia yote, kila mji una sauti ya mtu aliyelia kwenye kibanda chako, sikuthubutu kumtoa hata mmoja. Nimetoa Tabora. Asali, treni, na wote waliokukimbilia na jibu. Maneno yako kwangu hayamo tena ndani ya mchezo, yamo kichwani mwangu tu, na hiki kichwa unakijua.

Nakuahidi Zuhura hatakosa mtu wa kumtegea kitendawili kwa Kiswahili maadamu nipo, na nikiondoka, atakuwa na wa kwake wa kuwategea. Nakuahidi pia kuja kaburini kukutania kama inavyonipasa, nitasema mpaka majirani zako walalamike.

Lakini leo sina mzaha. Nimekaa na kitendawili chako mwaka mzima, cha mtu anayefunga duka jioni akicheka na asubuhi hayupo. Nimejaribu kila jibu, Mwajuma. Nimeshindwa.

Chukua mji. Nakupa Tabora.