Waya ya Redio ya Mama

Papa,

Nakuandikia nyuma ya kaye yako ya garaje, kwenye kurasa ulizoacha nyeupe. Karatasi ingine hatuna. Furaha amelala mugongoni, naandika nimeinama, kwa hiyo usicheke mwandiko.

Barabara ya Fataki imefunguka. Watu wanaenda na kurudi muchana. Baba yake Furaha bado iko Uganda, hatujapata neno. Gari yako iko. Tulitoa magurudumu yote ine, tukayaficha chini ya kitanda cha Mama pamoja na batri, gari tukaiacha juu ya matofali kama kitu kilichokufa, ili wenye bunduki wasiitamani. Walikuja, wakaipiga teke, wakaenda.

Mama miguu yake ni ileile. Amekataa kumaliza kilio mupaka afike pale walikuzika, kwenye kanisa ndogo juu ya kilima, barabara hiyo ya Fataki. Kutembea hawezi. Nikamuambia nitatengeneza gari. Akanijibu mbele ya wamama waliotoka Shari kuja kumuona: "Na ile esansi yako? Iliua bwana yangu, sasa unataka inimalize na miye?"

Hilo neno analisema tangu ulipokufa. Sikumujibu hata mara moja, sababu na miye niliamini. Asubuhi ile ya kukimbia wenye bunduki ni miye nilienda kwa kadhafi, muuza petroli wa barabarani, kununua jerikani ya esansi, bila kunusa, bila kumwaga tone mukononi nione kama imechanganywa, kama ulivyonifundisha. Kwenye kilima moteri ikachoka. Ukatupa gunia ya unga. Haikupanda. Ukatupa godoro. Kisha ukafungua mulango, ukasema, "Shika usukani. Nikishuka itapata pumuzi. Nitawakuta kule juu."

Ikapata pumuzi. Siye tukafika. Weye wenye bunduki walikukuta njiani. Mengine unayajua kuliko miye.

Basi, juma iliyopita nilirudisha magurudumu na batri, nikawasha moteri. Taa ya moteri ikawaka, ikakataa kuzimika. Nilikuwa nimeshaleta ndoo ya kumwagia ile esansi, lakini nikasema nifanye kwanza kama weye. Nikaunganisha zile tundu mbili za kuuliza kompyuta ya gari kwa kipande cha waya, nikahesabu. Taa ikapepesa mara tano, ikapumzika, ikapepesa mara mbili. Nikafungua kaye hii. Umeandika: "Tano, mbili: sikio ya moteri. Angalia waya kwanza."

Unakumbuka siku ulinieleza? Kwamba kwenye ubavu wa moteri kuna kitu kidogo kinasikiliza kama inagonga ndani. Ikigonga, kompyuta inapunguza nguvu ili isivunjike. Na ikikosa kusikia chochote, inaogopa, inapunguza vilevile. Nikasema ni kama Mama: akisikia kelele anakataza, akisikia kimya anakataza zaidi. Ulicheka mupaka kele ya kufungulia nati ikakuponyoka mukononi.

Nilihitaji mutu wa kugonga. Alikuwepo Mama tu. Nikamukalisha kwenye kiti mbele ya moteri, nikaweka mita ya kupima umeme kwenye ile sikio yenyewe.

"Gonga hapa, Mama. Polepole."

"Niliolewa na fundi, sikuolewa na nyundo." Lakini akagonga, na mushale ukaruka. Sikio ilikuwa nzima.

Nikaingia ndani ya gari, nikaweka mita kwenye mwisho wa waya ya ile sikio, pale inaingia kwa kompyuta. "Gonga tena." Mushale haukutikisika. "Nagonga, wee! Ama umelala humo?" Alikuwa anagonga kweli, nilisikia chuma. Habari ndiyo haikufika.

Nikafuata waya kwa vidole. Katikati nikakuta tepu nyeusi, mwisho wake umefungwa na uzi, fundo mbili. Bunia nzima hakuna fundi mwingine anafunga hivyo. Nikafungua. Panya walikula waya ya kweli, ile yenye wavu wa chuma, na weye ukaiunga na waya nyembamba, nyekundu na nyeupe, umeisokota tu. Shaba ilikuwa imegeuka kijani, imekatika. Ni waya ya redio ya Mama, Papa. Ile redio aliyolalamika muda wote kwamba upande mumoja umekuwa bubu.

Nilikaa chini. Furaha alilia, sikumuchukua mara moja.

Ni weye uliniambia: waya ya sikio haiungwi, inabadilishwa yote. Najua maduka yalikuwa yamefungwa. Najua ulisema moyoni, itashikilia kidogo. Kumbe ilikatikia kwenye kilima. Nilikukasirikia siku mbili. Nakuambia sababu sijazoea kukuficha. Kila siku nimekula bugali na lile neno la Mama, "esansi yako", juu yake.

Waya nzima nimeitoa kwenye gari moja iliyoungua kule nyuma ya soko. Nimeipitisha mbali na waya za buji, zile plagi za cheche, kama inavyotakiwa. Taa ikazimika. Esansi sikuimwaga wala sikuongeza. Niliacha ileile, nilitaka kujua.

Jana tulipanda. Mama mbele, Furaha kwa magoti yake. Kilima tulikipanda na vitesi ya pili, bila kubadilisha gia, bila kuomba. Tulipita pale uliposhuka. Mama akashika Furaha kwa nguvu. Tulipofika juu, kabla sijamushusha, akapapasa gari pale mbele yake kama unavyopapasa ng'ombe. "Leo umenunua esansi ya muzuri," akasema.

Jibu nilikuwa nalo mudomoni, Papa. Lote.

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Kaburi yako ni safi, watu wa kanisa wanaipalilia. Mama amelia vizuri, kilio tumemaliza. Kipande chako cha waya nimekiweka ndani ya kopo ya bulo na nati. Yeye hatakiona. Siku Furaha atashika kele, nitamutolea nimuambie: fundi muzuri alifanya hivi wakati maduka yalikuwa yamefungwa. Weye usifanye.

Na kesho natengeneza ile redio, isikike pande zote mbili. Akiuliza waya ilienda wapi, nitasema panya.

Pumuzika, Papa. Kule juu siye tumefika.

Ni miye binti yako,
Mama Furaha